Askari Wetu Wanapotenda Ukatili Vitani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa yameulizwa kwa miaka kadhaa katika mabaraza ya msaada wa kisheria huko Masasi, Nachingwea, Mikindani na Lindi mjini, kusini mwa Tanzania. Waulizaji walikuwa walimu, wanafunzi wa sekondari, wakulima wa korosho, wastaafu wa jeshi, na watu waliovuka Mto Ruvuma wakikimbia vita vya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Nimejibu nikiwa msaidizi wa kisheria, si wakili wala mwanahistoria, na pale nilipo na msimamo wangu nimeusema waziwazi. Maswali haya yote yana shina moja: mwenye bunduki akiwa mtu wetu, je, tutampima kwa kipimo kile kile tunachowapimia wengine?

Kwa nini jambo hili lizungumzwe Lindi na Mtwara badala ya kuachiwa Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai iliyoko The Hague?

Kwa sababu watu wa kusini waliijua sura ya ukatili wa kijeshi kabla mahakama hiyo haijafikiriwa. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 kwenye vilima vya Umatumbi, huko Nandete, ambako leo ni Mkoa wa Lindi, baada ya watu kuchoshwa na kulimishwa pamba kwa kiboko. Mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo, lakini kumnyonga hakukuzima kitu, kwani vita vilienea hadi Liwale, Masasi na Ungoni. Gavana wa Kijerumani Gustav Adolf von Götzen na maofisa wake walipoona kwamba risasi peke yake haziwezi kuwamaliza watu waliotawanyika porini, waligeukia chakula. Kapteni Wangenheim aliandika kwamba ni njaa na ufukara tu vitakavyowafanya watu wasalimu amri moja kwa moja. Vihenge vikachomwa, mashamba yakateketezwa, mbegu zikachukuliwa, na waliokufa kwa njaa wakawa wengi mno kuliko waliokufa kwa risasi. Wakoloni wenyewe walikadiria vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa aliona kwamba idadi ya kweli ni kati ya 250,000 na 300,000.

Bibi mmoja wa Liwale alinisimulia habari aliyoipokea kwa bibi yake. Watu walikuwa wakifukia mbegu za mtama ndani ya chungu, chini ya jivu, katikati ya mafiga, wakiamini kwamba hakuna atakayetafuta chakula ndani ya moto. Askari walipoligundua hilo, wakawa kila wakiingia nyumbani wanachokonoa jikoni kwanza kwa singe. Bibi alinionyesha kwa kijiti namna walivyochokonoa, akianzia kwenye figa la kushoto, kana kwamba alikuwepo. Baada ya hapo watu walibaki na ming'oko na mizizi mingine ya porini, na si kila mzizi unaliwa.

Walioshika singe zile wengi wao hawakuwa Wazungu. Jeshi la Kijerumani lilijengwa kwa Wasudani walioandikishwa Misri na watu waliotolewa Msumbiji, kisha Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengine wa bara, pamoja na rugaruga, yaani wapiganaji wasio wa jeshi rasmi, waliofuata nyuma kwa tamaa ya nyara. Hakuna ofisa wala askari aliyefikishwa mahakamani kwa ajili ya njaa ile. Kwa hiyo jambo hili linatugusa pande zote mbili, kwa maana sisi ni wajukuu wa waliochomewa vihenge, na baadhi yetu ni wajukuu wa waliochoma.

Kwani si kila anayeua vitani ni mwuaji? Tofauti iko wapi?

Sheria ya vita haimkatazi askari kumpiga adui anayepigana naye. Inachokataza ni kumgeukia asiyepigana: raia, majeruhi, mgonjwa, mateka, na hata adui wa jana aliyetupa silaha na kuinua mikono. Mikataba minne ya Geneva ya tarehe 12 Agosti 1949 imeyaeleza haya kwa urefu, na Kifungu cha 3, ambacho ni kimoja katika mikataba yote minne, kinavigusa hata vita vya ndani ya nchi, ambavyo ndivyo vingi zaidi siku hizi. Kuua raia kwa makusudi, kutesa, kubaka, kupora, kuwanyima watu chakula ili njaa iwe silaha, na kudhalilisha maiti, yote ni uhalifu wa kivita. Kwa kipimo hicho, kilichotendeka Umatumbi na Ungindo kina jina, japo hakikuwa nalo wakati ule.

Ubishi mkubwa huwa kwenye neno "makusudi". Bomu likipiga ghala la silaha na kuwaua watu waliokuwa wakipita jirani, huo unaweza usiwe uhalifu, ikiwa madhara kwa raia hayakuzidi kupita kiasi faida ya kijeshi iliyotarajiwa na tahadhari ilichukuliwa. Lakini kijiji kinapozingirwa, wanaume wakatengwa na wanawake, kisha wakapigwa risasi wakiwa wamekaa chini, hapo hakuna cha kupima.

Askari akiamriwa na mkubwa wake kuua raia, kosa ni la nani?

Ni la wote wawili. Hili ndilo swali ambalo wastaafu wa jeshi huliuliza kwa uchungu zaidi, kwa sababu wao wanajua jinsi kruta anavyofundishwa tangu siku ya kwanza kwamba amri hutekelezwa kwanza, malalamiko baadaye. Majaji wa Nuremberg, waliowahukumu viongozi wa Ujerumani mwaka 1945 na 1946, walikataa utetezi wa kusema "niliamriwa", na Mkataba wa Roma ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai umeukunja msimamo huo ndani ya Kifungu cha 33. Askari anaweza kujitetea kwa amri ikiwa tu alilazimika kisheria kuitii, hakujua kwamba ni haramu, na uharamu wake haukuwa dhahiri. Amri ya kutenda mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya ubinadamu huhesabiwa daima kuwa ni haramu iliyo dhahiri.

Mfano ninaoupenda kuutumia ni wa Wamarekani, kwa sababu ndani ya asubuhi moja unawaonyesha askari wa aina zote. Tarehe 16 Machi 1968 kombania moja ya jeshi la Marekani iliingia katika kijiji cha My Lai, Vietnam, ikaua wanawake, watoto na wazee ambao hawakuwa na silaha. Idadi inayotajwa na Wamarekani ni 347, na ya Wavietnam ni 504. Siku hiyo hiyo rubani wa helikopta, Hugh Thompson, alipoona maiti zimejaa mtaroni, alitua katikati ya askari wenzake na wanakijiji waliokuwa wakikimbia, akawaagiza watu wake wawili kwamba Wamarekani wale wakiendelea kuwapiga raia, nao wawapige Wamarekani. Aliwaokoa watu kadhaa, akiwemo mtoto aliyetolewa hai kutoka ndani ya mtaro. Thompson alikuwa na sare ile ile, bendera ile ile na adui yule yule. Jeshi lake lilimtunukia nishani ya ushujaa kwa kitendo hicho mwaka 1998, miaka 30 baadaye.

Luteni William Calley, aliyeongoza platuni mojawapo, alitiwa hatiani mwaka 1971 kwa mauaji ya watu 22. Jaji aliwaelekeza wazee wa baraza la kijeshi kwamba amri haimwokoi mtu ikiwa mwenye akili za kawaida angeweza kutambua kuwa ni haramu. Alihukumiwa kifungo cha maisha, lakini kwa agizo la Rais Richard Nixon alitolewa gerezani akawekwa kizuizini nyumbani, na ilipofika 1974 alikuwa huru. Kati ya wote walioshtakiwa, ni yeye peke yake aliyetiwa hatiani. Kapteni wake, Ernest Medina, aliachiwa.

Je, kamanda ambaye hakuwepo na hakutoa amri anaweza kushtakiwa?

Anaweza. Kifungu cha 28 cha Mkataba wa Roma kinasema kwamba kamanda huwajibika ikiwa alijua, au kwa hali ilivyokuwa alipaswa kujua, kwamba watu walio chini yake wanatenda uhalifu, kisha hakuchukua hatua zote zilizo ndani ya uwezo wake kuwazuia au kuwafikisha kwenye vyombo vya sheria.

Kuthibitisha jambo hilo si kazi nyepesi. Jean-Pierre Bemba wa Kongo alitiwa hatiani mwezi Machi 2016 kwa mauaji, ubakaji na uporaji uliofanywa na wapiganaji wake katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, akapewa miaka 18. Mwezi Juni 2018 majaji wa rufani, kwa wingi wa kura, walimwachia huru, mojawapo ya hoja zao ikiwa ni kwamba aliwaongoza askari wale kutoka mbali na uwezo wake wa kuwaadhibu ulikuwa na mipaka. Naheshimu hukumu, lakini nasema wazi kwamba wanawake zaidi ya mmoja walikwenda kusimulia mbele ya watu wageni jambo ambalo hata dada zao hawakuwa wamelisikia, na mwisho wa safari hapakuwa na mtu wa kuliwajibikia.

Kwa nini jeshi lijihukumu lenyewe? Si kesi ya nyani kumpelekea ngedere?

Methali hiyo husemwa kila kikao, na mara nyingi ina haki yake. Hata hivyo, mahakama ya kijeshi ina faida moja isiyopuuzwa, nayo ni kwamba inaweza kuhamia mahali uhalifu ulipotendeka na kumlazimisha ofisa aje. Mwaka 2011, huko Baraka, katika eneo la Fizi, mashariki mwa Kongo, mahakama ya kijeshi inayohamahama ilimhukumu Luteni Kanali Kibibi Mutware miaka 20 gerezani kwa ubakaji wa halaiki uliofanywa siku ya mwaka mpya, na hukumu ilisomwa katika eneo lile lile walikoishi walioumizwa. Hukumu zilitoka chini ya miezi miwili tangu kosa litendeke. Sijui mahakama nyingi za kiraia zenye kasi hiyo.

Upande wa pili uko karibu vilevile. Wanajeshi wa Kongo hiyo hiyo walipokimbia kutoka Goma mwezi Novemba 2012 na kuwageukia wanawake wa Minova, askari 39 walifikishwa mahakamani, na mwezi Mei 2014 ni wawili tu waliotiwa hatiani kwa ubakaji. Makamanda wa ngazi za juu hawakuguswa.

Kanada ilipita njia nyingine. Mwezi Machi 1993 askari wake waliokuwa Somalia kulinda amani walimtesa hadi kufa kijana wa miaka 16, Shidane Arone, aliyekutwa ndani ya kambi yao. Askari kadhaa walishtakiwa, lakini mashtaka hayakutosha kuwatuliza wananchi, hivyo ikaundwa tume ya uchunguzi ya kiraia, na mwaka 1995 kikosi kizima cha makomandoo wa miavuli kilivunjwa. Kuvunja kikosi hakumrudishi Shidane, ila kulikiri kwamba ukatili ule ulilelewa na mazoea ya kambini kabla ya kutendwa na mikono ya watu wachache.

Kwa maoni yangu, hatari kubwa haimo katika koti la jaji, liwe la kijeshi au la kiraia. Imo katika mlolongo wa ripoti. Ikiwa anayepokea malalamiko ndiye anayepandishwa cheo na anayelalamikiwa, malalamiko yataishia kwenye droo.

Tanzania ina msimamo gani kisheria?

Tanzania iliridhia Mkataba wa Roma mwaka 2002 na imo katika Mikataba ya Geneva tangu miaka ya mwanzo ya uhuru. Wanajeshi wa JWTZ wanaongozwa na Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966, ambayo ndiyo inayoweka nidhamu na mahakama za kijeshi. Wengi hawajui kwamba, kwa kuwa nchi imeridhia Mkataba wa Roma, askari wa Tanzania anafuatwa na mkataba huo popote aendako, hata katika nchi ambayo haikuuridhia. Mahakama ya The Hague, hata hivyo, huja nyuma ya mahakama za nyumbani: huingia pale tu ambapo nchi husika haitaki au haiwezi kuchunguza na kushtaki kwa dhati.

Je, si usaliti kuwasema wanajeshi wetu, ambao wanalala porini ili sisi tulale vitandani?

Swali hili huulizwa na watu waungwana, na aghalabu na mama wenye vijana jeshini, kwa hiyo halifai kujibiwa kwa pupa. Mtwara na Lindi zimetoa askari wengi, na zimepokea majeneza pia. Mwezi Oktoba 2020 wapiganaji kutoka Msumbiji walivuka Ruvuma wakashambulia kijiji cha Kitaya, wakaua watu na kuchoma nyumba. Waliofika kuwalinda watu wa mpakani walikuwa wanajeshi wetu, na hakuna anayelisahau hilo.

Lakini mwezi Juni 2023 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba unakirudisha nyumbani kikosi cha wanajeshi 60 wa Tanzania kutoka Jamhuri ya Afrika ya Kati, baada ya uchunguzi wa awali kupata ushahidi kwamba 11 kati yao walihusika na unyonyaji na udhalilishaji wa kingono dhidi ya waathirika wanne. Kwa taratibu za Umoja wa Mataifa, mwenye mamlaka ya kumshtaki mlinzi wa amani ni nchi yake mwenyewe. Maana yake ni kwamba waathirika wale hawana mlango mwingine wa kubisha isipokuwa wetu. Sisi ndio walalamikiwa na sisi ndio hakimu. Nikiwa raia ninayelipa kodi inayonunua gwanda lile, naona nina haki ya kuuliza kesi imefikia wapi, na kuuliza hakumpunguzii heshima yule askari mwingine aliyekaa kwenye lindo lake akawa na mikono safi. Anayemharibia huyo jina ni mwenzake aliyetenda, na yeyote anayemficha.

Ng'ambo ya Ruvuma kuna mauaji. Kwa nini mahakama ya The Hague haiingilii?

Msumbiji ilitia saini Mkataba wa Roma lakini haijauridhia. Uhalifu ukitendwa na raia wa Msumbiji katika ardhi ya Msumbiji, mahakama hiyo haina pa kushika, isipokuwa Baraza la Usalama liipelekee suala hilo au Msumbiji yenyewe iikubali mamlaka yake. Mzigo, basi, uko Maputo.

Vita vya Cabo Delgado vilianza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017. Ukatili wa waasi unajulikana, nao hauna utetezi: vichwa vimekatwa, wasichana wamechukuliwa, vijiji vimefutika. Hata hivyo watu waliovuka kuja kwetu hawakuwa wakikimbia upande mmoja tu. Shirika la Amnesty International, katika ripoti yake ya Machi 2021, lilizishutumu pande tatu kwa uhalifu wa kivita: waasi, vikosi vya serikali, na kampuni ya kijeshi ya kukodiwa iliyokuwa ikipiga risasi kutoka kwenye helikopta. Mwaka 2020 ilikuwa imesambaa video ya wanaume waliovaa sare za jeshi la Msumbiji wakimfukuza mwanamke aliye uchi barabarani, wakimpiga kwa fimbo, kisha kwa risasi. Serikali ilisema ni propaganda. Mwanzoni mwa 2023 ilitokea video nyingine ya wanajeshi wakitupa maiti kwenye moto, safari hii ikihusishwa na jeshi la SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ambalo Tanzania ilikuwa na askari wake ndani yake, na uongozi wa jeshi hilo ulitangaza kuanzisha uchunguzi.

Mama mmoja Mmakonde, mkimbizi, alizungumza nami akiwa amekaa kwenye jamvi, mtoto amelala pajani. Alieleza kila kitu kwa utaratibu, tangu mbwa walipobweka hadi walipofika mtoni. Nilipomwuliza waliokuja walivaa nini, akanyamaza, akaivuta kanga yake hadi ikamfunika mtoto uso, ndipo akasema: "Mwanangu, viatu vilikuwa vya serikali." Sijui kama kuna mahakama itakayowahi kusikia sentensi hiyo.

Na wapigania uhuru je? Nao wanahesabiwa?

Wanahesabiwa. Mkoa wa Lindi uliwapokea wapiganaji wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, kwa miaka mingi, na kambi ya Nachingwea ni fahari yetu ya haki. Watu wetu waliyajua mauaji ya Mueda, yaliyotendwa na Wareno huko Msumbiji tarehe 16 Juni 1960, kutoka kwa ndugu waliovuka mto. Baadaye dunia ikayajua ya Wiriyamu, mkoani Tete, ambako makomandoo wa Kireno waliua mamia ya wanakijiji tarehe 16 Desemba 1972, na kasisi Adrian Hastings akayatangaza London mwaka uliofuata.

Ni hapo hapo Nachingwea, mwaka 1975, ambapo Uria Simango, aliyekuwa makamu wa rais wa FRELIMO, alisimamishwa mbele ya umati akasoma ungamo aliloandikiwa. Yeye na wenzake kadhaa waliuawa baadaye bila kesi ya kweli. Wapo wanaoniambia kwamba kulitaja hilo ni kuwapa nguvu maadui wa ukombozi. Mimi naona kinyume chake. Vivyo hivyo kwa Maji Maji: tunapowaombolezea waliochomewa vihenge, tusifiche kwamba Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne, wakiwemo masista wawili, ambao hawakuja kupigana na mtu, waliuawa wakiwa njiani kuelekea Liwale.

Kuomba radhi kunatosha?

Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea tarehe 1 Novemba 2023, mahali ambapo mashujaa 67 walinyongwa Februari 1906, akaomba msamaha kwa niaba ya nchi yake. Waziri Mkuu António Costa wa Ureno alikuwa ameomba radhi kwa ajili ya Wiriyamu akiwa Maputo mwaka 2022. Uingereza mwaka 2013 ilieleza majuto yake kwa Wakenya walioteswa katika kambi za wakati wa Mau Mau, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228.

Katika hayo matatu, ninalolipa uzito zaidi ni la Kenya, tena si kwa sababu ya fedha, ambazo zikigawanywa ni kidogo kwa kila mzee. Lilipatikana kwa wazee wenyewe kwenda mahakamani London, na kwa sababu yao serikali ikalazimika mwaka 2011 kukiri kwamba ilikuwa imeficha maelfu ya mafaili ya makoloni. Radhi iliyotolewa baada ya mafaili kufunguliwa inajua inachokiombea. Ile inayotangulia mafaili inabaki kuwa adabu njema.

Makosa haya huisha kwa kupita muda?

Hapana. Kifungu cha 29 cha Mkataba wa Roma kinasema hayana ukomo wa muda. Hissène Habré, rais wa zamani wa Chad, alihukumiwa kifungo cha maisha Dakar mwezi Mei 2016, zaidi ya miaka 25 tangu apinduliwe.

Nimepewa video au nimesimuliwa jambo zito. Nifanye nini?

Usiisambaze. Video ikipita katika makundi ya simu hupunguzwa ubora, hukatwa, hupoteza tarehe yake, na anayeonekana ndani yake anaweza kutafutwa na watu wabaya. Ihifadhi kama ilivyokuja, andika umeipokea kwa nani, lini na saa ngapi, na tengeneza nakala moja uiweke mahali tofauti.

Anayesimulia mwache asimulie mwenyewe, kwa lugha yake, iwe Kimakonde au Kimwani, na usimwongezee maneno. Usimrudishe rudishe kwenye jambo lile lile ili tu wewe uelewe vizuri. Mtu aliyebakwa asihojiwe na kila anayefika na daftari, kwa sababu masimulizi yanayotofautiana hata kidogo hutumiwa na mawakili wa utetezi kumwita mwongo, na kwa sababu kila mara anaumia upya. Andika vitu vidogo: rangi ya beji, namba ya gari, jina la utani ambalo askari walikuwa wakiitana, lugha waliyotumia kwenye redio. Kesi nyingi husimama au huanguka kwa vitu vya namna hiyo. Ukiambiwa kuna kaburi la halaiki, usilichimbe, hata kama nia ni kuwastiri marehemu.

Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kuwatuma wanafunzi vijijini kuandika kumbukumbu za wazee walioviona Vita vya Maji Maji. Kama wangechelewa miaka 20, tungebaki na barua za maofisa peke yake.

Nilikuwa askari. Nikitaka kusema nilichokiona, nianzie wapi?

Swali hili haliulizwi hadharani. Huja baada ya kikao, pembeni, viti vikiwa vimeshapangwa. Jibu langu la kwanza ni kwamba mwone wakili kabla hujaniambia mimi zaidi, au mwandishi wa habari, maana maneno yako yanaweza kutumika dhidi yako, na msaidizi wa kisheria hana ulinzi wa siri alionao wakili. Shahidi na mshtakiwa ni watu wawili mbele ya sheria, lakini vitani mara nyingine hukaa ndani ya mtu mmoja.

Sitakudanganya kwamba ni salama. Habari za My Lai zilitoka kwa askari kijana, Ron Ridenhour, aliyekusanya masimulizi ya wenzake na mwaka 1969 akawaandikia barua wakubwa wa nchi yake, naye hakufungwa. Nchini Australia, uchunguzi uliotangazwa Novemba 2020 ulipata taarifa za kuaminika kwamba wanajeshi wa vikosi maalumu waliwaua Waafghani 39 isivyo halali, na uchunguzi huo haungefika popote bila askari waliokubali kusema. Hata hivyo David McBride, mwanasheria wa jeshi hilo aliyetoa nyaraka za siri kwa waandishi, alihukumiwa mwaka 2024 kifungo cha miaka mitano na miezi minane.

Msimu mmoja wa korosho, mzee mmoja alifika ofisini kwetu Masasi mara tatu. Mara ya kwanza tulizungumza bei ya mnada. Mara ya pili alikaa bila kusema, akaaga. Mara ya tatu alitoa stakabadhi ya ghala mfukoni, akaigeuza, akaandika nyuma yake jina la kijiji na tarehe, akaikunja mara nne. Hakutaja alikuwa jeshi gani, nami sikumwuliza. Akataka kujua ni nani anayepaswa kuipokea karatasi ile. Wiki iliyofuata tulipanda basi la asubuhi pamoja kwenda Mtwara kwa wakili, na njia nzima aliishika mkononi.